Kufukuzwa, Kuachishwa, Kuuzuliwa: Istilahi za Ubishi wa Mashabiki wa Kandanda

Tarehe 23 Februari 2017 klabu ya Leicester City ya Uingereza ilimwondoa kazini kocha wake, Mwitalia Claudio Ranieri. Ilikuwa haijatimia hata miezi kumi tangu kocha huyo aipatie klabu hiyo ubingwa wa Ligi Kuu, ubingwa wa kwanza wa daraja la juu katika historia ya klabu iliyoasisiwa mwaka 1884. Mwanzoni mwa msimu ule wa 2015/16 wachezesha kamari wa Uingereza walikuwa radhi kulipa pauni 5,000 kwa kila pauni moja aliyoiweka mtu aliyethubutu kubashiri kwamba Leicester ingekuwa bingwa. Ikawa bingwa, tena kwa pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal iliyoshika nafasi ya pili. Kisha mshindi huyo akaondolewa. Mashabiki wakagawanyika, si wa Leicester peke yao, bali pia wa miji yetu, ambako ligi hiyo hufuatwa kana kwamba inachezwa mtaa wa pili: je, klabu ilifanya sawa?

Makala haya hayakusudii kuukata ubishi huo. Yanakusudia kuonyesha kwamba ubishi wa namna hii, ukiletwa katika Kiswahili bila uangalifu, huharibika kwa sababu ya maneno, na wabishi hujikuta wakijibizana juu ya maswali tofauti huku wakidhani kwamba ni swali moja. Wala jambo hili si la uwanjani tu. Maneno yanayotumika kumwondoa kocha ndiyo yale yale yanayoandikwa katika barua za ajira za karani, mwalimu na mganga, na huko kosa la neno moja huweza kumharibia mtu jina lake na riziki yake.

Tuanze na cheo chenyewe. Waingereza humpa mtu aliyefanya kazi ya Ranieri jina ambalo sisi tumelitohoa kuwa "meneja". Kwa desturi yao, mtu huyo ndiye apangaye kikosi, asimamiaye mazoezi, na aghalabu huwa na sauti katika kununua na kuuza wachezaji. Kwetu Tanzania meneja wa timu ni mtu mwingine kabisa: kazi yake ni safari, malazi, vifaa na makaratasi ya timu. Hivyo basi mfasiri anayeandika kwamba Leicester ilimwondoa "meneja" wake humfanya msomaji wa Tanga adhani kwamba aliyeondoka ni mtu wa tiketi na jezi, na hapo msomaji hana budi kushangaa kelele zote zile ni za nini. "Kocha mkuu" ndilo jina linalofaa, ijapokuwa halibebi madaraka yote ya Mwingereza yule. Ikiwa madaraka hayo yana maana katika habari, na yaelezwe kwa sentensi moja, yaishe.

Magazeti ya Kenya hupenda kumwita kocha "mkufunzi". Kwa msomaji wa Tanzania mkufunzi ni mtu wa chuo, hasa chuo cha ualimu, kwa hiyo mwandishi anayetaka kueleweka pande zote mbili za mpaka afadhali ashike "kocha". Liko pia jina ambalo wachezaji na mashabiki wetu hulitumia kwa heshima: "mwalimu". Jina hili ni zuri, lakini huleta hoja zake lenyewe. Katika siku zile za Februari 2017 zilienea habari kwamba baadhi ya wachezaji wa Leicester walikuwa wamemlalamikia Ranieri mbele ya wenye klabu. Mshambuliaji Jamie Vardy alizikana hadharani. Kwa mtu aliyezoea kumwita kocha "mwalimu", habari hizo ni fedheha tupu: tangu lini wanafunzi wakamwondoa mwalimu darasani? Hoja hiyo ina nguvu kwetu, nayo imezaliwa na neno letu. Mwingereza, ambaye kwake mtu huyo ni msimamizi wa kazi, huenda asiione kabisa, maana wafanyakazi kumlalamikia msimamizi wao ni jambo la kila siku.

Sasa tuje kwenye vitenzi, ambako lugha yetu ni tajiri kiasi cha kutia hatarini. "Kufukuza" ni kumtoa mtu au mnyama mahali kwa nguvu: tunafukuza kuku aliyeingia jikoni. Katika maneno ya kazi, kufukuzwa humaanisha kwamba aliyefukuzwa ametenda kosa, nalo kosa hilo ndilo sababu. "Kuachishwa kazi" kunataja tu kwamba kazi imekoma kwa uamuzi wa mwajiri. Sababu yaweza kuwa kosa, uwezo, au hali ya kampuni. "Kupunguzwa kazini" ni kwa sababu ya mwajiri mwenyewe kutoweza kuendelea na watu wote. Maneno haya matatu ni ngazi tatu za lawama, na mtumishi wa idara ya ajira anayeandika "amefukuzwa" mahali pa "amepunguzwa" huwa ametoa hukumu ambayo hakuna kikao kilichoitoa.

Ranieri hakushtakiwa kwa kosa lolote la mwenendo. Taarifa ya klabu ilimshukuru, na makamu mwenyekiti, Aiyawatt Srivaddhanaprabha, alieleza kwamba masilahi ya muda mrefu ya klabu yalipaswa kutangulizwa mbele ya hisia za mtu binafsi. Kwa hiyo, kwa lugha ya ofisi, Ranieri aliachishwa kazi. Kusema alifukuzwa ni kusema zaidi ya walivyosema waliomwondoa.

Waandishi wa michezo hawataridhika na "kuachishwa", nasi hatuwalaumu. Wao wana "kutimua", kitenzi kile kile cha kutimua vumbi. Wana "kufungashiwa virago", na virago ni mizigo ya msafiri asiye na makao. Huko Kenya wana "kupigwa kalamu". Wana pia usemi kwamba "kibarua kimeota nyasi", ambao unastahili kutazamwa. Kibarua kwa asili ni barua ndogo, yaani hati aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ili aionyeshe siku ya malipo. Baadaye jina la hati likawa jina la kazi yenyewe, na la mtu anayeifanya. Kazi inayoota nyasi ni kama shamba lililoachwa bila kulimwa. Usemi huu haumlaumu mtu wala klabu. Hutazama shamba tu. Kwa kocha aliyeshinda ubingwa mwaka uliotangulia, sisi tunauona kuwa wa haki zaidi kuliko "kutimuliwa", na bado una ladha ambayo ukurasa wa michezo unaitaka.

Watumishi wa serikali wana maneno yao ya kuficha. Mtu "uteuzi wake umetenguliwa", au "atapangiwa kazi nyingine". La kwanza ni sahihi kwa aliyeteuliwa na mamlaka, maana kilichoondolewa ni uteuzi, na mtu huweza kubaki mtumishi. Kocha hateuliwi hivyo. Kocha huajiriwa kwa mkataba, na kutengua uteuzi wa mtu mwenye mkataba hakumalizi habari ya mkataba wake.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Ranieri alikuwa ametia saini mkataba mpya wa miaka minne mwezi Agosti 2016. Klabu ilipomwondoa Februari iliyofuata, je, iliuvunja mkataba, iliusitisha, au iliukatisha? Vyombo vya habari hutumia maneno haya matatu kana kwamba ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kwa maoni yetu "kuvunja mkataba" kuhifadhiwe kwa maana ya kisheria, yaani kutenda kinyume cha masharti. Atumiaye neno hilo huwa ameshaishtaki klabu, hata kama hakukusudia. "Kusitisha" ni kusimamisha. Tunasitisha mkutano mvua inaponyesha, na tunausitisha mshahara hadi uchunguzi uishe, tukitazamia kwamba huenda jambo likaendelea. Mkataba ambao hautarudi tena haujasitishwa. Linabaki "kukatisha mkataba", yaani kuumaliza kabla ya muda wake, bila kutamka kama masharti yalifuatwa au la. Neno hili halina makeke, na ndiyo maana linafaa: humwachia msomaji nafasi ya kuuliza kama fidia ililipwa, na kama masharti yaliruhusu.

"Kujiuzulu" nalo lina historia ambayo walimu wanaweza kuitumia darasani. Mzizi wake ni "uzulu", kitenzi cha zamani chenye maana ya kumtoa mtu katika cheo, hasa cha utawala: mfalme huuzuliwa. Sisi leo tumebaki na umbo la kujirejea tu, kujiuzulu, yaani kujitoa mwenyewe, na tumemsahau mzazi wake. Matokeo yake ni sentensi za ajabu kama "kocha amejiuzulishwa", ambayo husema kwa pumzi moja kwamba mtu amejitoa na kwamba ametolewa. Lau tungelirudisha "kuuzulu" katika matumizi, tungekuwa na neno lisilo na tusi la kumwondoa mwenye cheo, liwe la waziri, la mwenyekiti wa chama cha ushirika au la kocha mkuu. Kwa nini tusilijaribu?

Kati ya kujiuzulu na kuuzuliwa kuna uchochoro mwingine ambao vilabu huupenda: "kuachana kwa makubaliano ya pande mbili". Mfano ulio bora unahusiana na Leicester hiyo hiyo. Tarehe 14 Desemba 2015, Leicester ya Ranieri iliifunga Chelsea, iliyokuwa bingwa wa msimu uliotangulia, mabao 2 kwa 1. Siku tatu baadaye Chelsea ilitangaza kwamba imeachana na kocha wake, José Mourinho, kwa makubaliano ya pande mbili. Hakuna shabiki aliyeamini, na magazeti yaliandika kwamba ameachishwa. Mfasiri afanyeje? Kazi yake ni kufasiri tamko kama lilivyo, na kulitaja kuwa ni la klabu: "Chelsea ilisema kwamba…". Kuligeuza tamko kuwa "alifukuzwa" ni kuingilia kazi ya mhariri; kuliandika kana kwamba ni ukweli wa mwandishi ni kuifanyia klabu kazi yake. Mourinho huyo huyo, alipokutana na waandishi siku moja baada ya Ranieri kuondolewa, alivaa fulana yenye herufi CR, za jina la mwenzake. Nguo ile haikuhitaji mfasiri.

Tumefika kwenye kiini. Mashabiki waliuliza kama uamuzi ulikuwa "wa haki". Waingereza wana neno moja ambalo hubeba mambo manne ambayo Kiswahili huyatenganisha: haki, halali, sahihi, na busara. Mfasiri anayeyafunga yote manne katika fungu la "haki" humnyang'anya msomaji faida ya lugha yake mwenyewe.

Neno "haki" peke yake lina nyuso mbili. "Klabu ilikuwa na haki ya kumwondoa" ni kauli juu ya mamlaka. Leicester ilinunuliwa mwaka 2010 na kundi la wawekezaji wa Thailand wakiongozwa na Vichai Srivaddhanaprabha, na mwenye mali ndiye mwenye uamuzi. Shabiki wa kule hana kura. Kwetu hali imekuwa tofauti, kwa kuwa katika vilabu vyetu vikongwe, kama Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, wanachama wamezoea kuwachagua viongozi, ndiyo maana neno "wenye timu" huwatatiza wasikilizaji: shabiki husema "sisi wenye timu" akimaanisha mapenzi, na mwanasheria husikia hisa. Kwa upande wa pili, "klabu ilimtendea haki" ni kauli juu ya uadilifu kwa mtu yule mmoja. Klabu yaweza kuwa na haki ya kutenda jambo na bado isitende haki kwa kulitenda. Waliomtetea Ranieri hawakukataa uso wa kwanza. Walilalamikia wa pili. Asante ya punda ni mateke, walisema wa kwetu, na walikuwa wakisema juu ya fadhila, si juu ya hisa. Waliojibu kwamba "wenye mali wana haki yao" walidhani wamejibu.

"Halali" hupimwa kwa sheria na mkataba. Hapa watumishi wetu wana mfano karibu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania humtaka mwajiri aliyemwachisha mtu kazi athibitishe kwamba sababu yake ni halali, kwamba ni ya haki, na kwamba utaratibu uliofuatwa ulikuwa wa haki. Na msomaji aangalie kwamba sheria yenyewe imetenganisha sababu na utaratibu, jambo ambalo mabishano ya barazani hayalifanyi mara nyingi. Sheria hiyo hutaja mwenendo, uwezo, kupatana na wenzako kazini, na mahitaji ya uendeshaji. Kocha anayefungwa kila Jumamosi ana tatizo la mwenendo? La. Ni suala la uwezo, na hata hilo huwa gumu, maana uwezo wa Ranieri ulikuwa umeonekana na dunia nzima mwezi Mei.

"Sahihi" ni habari ya hesabu: uamuzi ulileta kilichokusudiwa? Siku Ranieri alipoondolewa, Leicester ilikuwa imecheza mechi 25 za ligi na kupata pointi 21. Ilishika nafasi ya 17, pointi moja tu juu ya eneo la kushuka daraja. Ilikuwa imefungwa mechi tano za ligi mfululizo, na haikuwa imefunga bao hata moja la ligi tangu mwaka 2017 uanze. Siku tano kabla ya uamuzi ilikuwa imetolewa katika Kombe la FA na Millwall, timu ya daraja la tatu. Kiungo wake hodari, N'Golo Kanté, alikuwa ameshauzwa kwa Chelsea. Msaidizi wake, Craig Shakespeare (asichanganywe na yule ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri), akashika usukani. Leicester ikaifunga Liverpool 3 kwa 1, ikashinda mechi tano za kwanza za ligi chini yake, ikaitoa Sevilla ya Hispania katika Ligi ya Mabingwa, na ikamaliza msimu katika nafasi ya 12.

Basi uamuzi ulikuwa sahihi? Wengi walitulia hapo. Lakini iko hoja ya wanatakwimu ambayo Kiswahili chaweza kuieleza bila taabu: kurejea kwenye wastani. Makocha huondolewa timu ikiwa chini kabisa ya kiwango chake cha kawaida, na kitu kilicho chini ya kawaida yake huelekea kupanda, awe kocha ni yule yule au mwingine. Mchumi Mholanzi Bas ter Weel, aliyechunguza ligi ya Uholanzi tangu 1986 hadi 2004 na kuchapisha matokeo yake mwaka 2011, alilinganisha timu zilizobadili makocha na timu zilizokuwa katika hali kama hiyo bila kubadili. Hakuona kwamba mabadiliko yaliziletea zile za kwanza nafuu ya ziada. Hii haithibitishi kwamba Leicester ilikosea. Inaonyesha tu kwamba mtu asemaye "walishinda baadaye, kwa hiyo ilikuwa sahihi" ametumia neno "kwa hiyo" kwa bei rahisi mno.

"Busara", hatimaye, huutazama uamuzi kabla matokeo hayajajulikana: kwa waliyoyajua siku ile, je, mtu mwenye akili timamu angefanya hivyo? Uamuzi wa busara waweza kushindwa, na wa kipumbavu waweza kufaulu. Leicester yenyewe ni ushahidi. Mwezi Juni 2015 ilimwachisha kazi Nigel Pearson, aliyekuwa ametoka kuiokoa isishuke daraja, ikataja tofauti za mitazamo. Kisha ikamwajiri Ranieri, ambaye Ugiriki ilikuwa imemwondoa Novemba 2014 baada ya kufungwa na Visiwa vya Faroe. Wengi waliona kwamba hapakuwa na busara hapo. Ubingwa ukafuata. Matokeo hayakuirudisha busara nyuma na kuipandikiza mahali ambapo haikuwapo. Yalileta kombe tu.

Jambo dogo la mwisho ni tamko la kuunga mkono. Tarehe 7 Februari 2017 klabu ilitangaza kwamba inamuunga mkono Ranieri bila kuyumba. Siku kumi na sita baadaye akaondoka. Wafasiri wengine huliita tamko kama hilo "kura ya imani". Si sawa, kwani hakuna aliyepiga kura. Kura ya imani ni ya bunge au ya mkutano wa wanachama, na ina hesabu yake. Tamko la bodi ni "kauli ya kuunga mkono", basi. Mashabiki wa kandanda, ambao wameziona kauli hizo nyingi, huzisoma kama watu wa pwani wanavyosoma wingu jeusi.

Tuchukue mfano mmoja wa kufanyia zoezi. Tarehe 17 Oktoba 2017 Craig Shakespeare, aliyekuwa amepewa mkataba wa miaka mitatu mwezi Juni, aliondolewa naye, timu ikiwa ya 18. Mwandishi mmoja angeandika: "Leicester yavunja mkataba, yamtimua meneja wake mwingine, je, ni haki?" Katika kichwa hicho klabu imeshatiwa hatiani, mtu wa tiketi amefukuzwa, na swali halijulikani ni lipi kati ya manne. Sisi tungeandika: "Leicester yakatisha mkataba wa kocha mkuu Shakespeare baada ya miezi minne, mashabiki wabishana kama ni busara." Ni kirefu kidogo. Mhariri akitaka kukipunguza, na aanzie kwenye jina la klabu, si kwenye kitenzi.